Umri wangu mnautaka, kitambulisho changu mtakiweka wapi?

Tangu Julai 25, 2025, mtu mzima aliyeko Uingereza hawezi tena kuingia kwenye tovuti ya ponografia kwa kubofya tu palipoandikwa kuwa ametimiza miaka 18. Sheria inataka uthibitisho. Anaweza kupiga selfi ili kompyuta iusome uso wake na kukadiria umri, kutuma picha ya pasipoti au leseni ya udereva, kutoa namba ya kadi ya mkopo ya benki (credit card), ama kuiruhusu kampuni yake ya simu iseme kama laini ni ya mtu mzima. Vizuizi hivyo havikuishia kwenye ponografia. Reddit, Discord na X nazo zimeviweka mbele ya sehemu ya maudhui yake. Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, inaweza kuitoza kampuni inayokaidi faini ya hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi.

Waingereza waliitikia kwa namna ambayo mkazi wa Dar es Salaam ataitambua mara moja: walikimbilia VPN, programu inayoficha mahali mtumiaji alipo. Proton, kampuni ya Uswisi inayotoa huduma hiyo, ilisema usajili kutoka Uingereza ulipanda kwa zaidi ya asilimia 1,400 sheria ilipoanza kutumika. Wengine waliielekeza kamera kwenye sura ya mhusika wa mchezo wa kompyuta uitwao Death Stranding, na mashine ikakubali kuwa imeona mtu mzima. Ombi la kutaka sheria ifutwe, lililowekwa kwenye tovuti ya Bunge, lilivuka saini laki tano. Serikali haikurudi nyuma.

Mambo haya hayataishia Uingereza. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliibariki Juni 27, 2025 sheria ya Texas inayotaka uhakiki kama huo kwenye tovuti za ponografia. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu Desemba 10, 2025 mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, YouTube na mitandao mingine kadhaa, na mtandao unaozembea unaweza kutozwa hadi dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Januari 2026 serikali yake ilitangaza kuwa akaunti zipatazo milioni 4.7 zilikuwa zimeshafungwa. Na huku kwetu safari imeanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtoto awe na njia ya kuhakiki umri, na Aprili 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilitoa mwongozo wa kuwalinda watoto mtandaoni unaozitaka kampuni za mawasiliano ziwe na mifumo ya aina hiyo.

Niseme wazi nilipo. Siwaungi mkono wanaodai kwamba hili ni jukumu la mzazi peke yake. Mzazi anayetoka Mbagala alfajiri na kurudi saa mbili usiku hana namna ya kuketi na simu ya mtoto wake, na hata angekuwa nyumbani kutwa, anashindana na kampuni zilizoajiri wahandisi wengi kwa kazi moja: kumfanya mtoto asiiweke simu chini. Mwaka 2017 binti wa miaka 14 wa London alifariki baada ya kujidhuru, na Septemba 2022 afisa wa serikali aliyechunguza kifo chake aliandika kuwa maudhui ya kujidhuru aliyoonyeshwa Instagram na Pinterest yalichangia kifo hicho. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani zilizoonyesha kuwa kampuni ilijua jinsi Instagram inavyowaumiza baadhi ya wasichana wanaobalehe. Simu ya mtoto wa Temeke ina Instagram ileile. Sheria inahitajika.

Swali langu ni nani aliyebebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Kwa haki, sheria ya Uingereza inazitaka pia kampuni zitathmini hatari zinazowakabili watoto. Lakini mwananchi wa kawaida anachokiona ni yeye kuambiwa aonyeshe uso, aonyeshe kitambulisho, aeleze ni nani. Kampuni haimwonyeshi kitu. Haimwelezi ni kwa kanuni gani video ile ilimfikia mtoto wake saa saba usiku, wala haisemi ina watu wangapi wanaosoma malalamiko yake kwa lugha yake. Aliyeliwekea sumu soko yuko nyuma ya pazia, na mnunuzi ndiye anayepekuliwa mlangoni.

Tena kinachochukuliwa mlangoni hakirudi. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 Discord, jukwaa la mazungumzo linalopendwa na vijana wanaocheza michezo ya kompyuta, lilitangaza kuwa wadukuzi walikuwa wameingia kwenye mfumo wa mkandarasi wake wa huduma kwa wateja. Watumiaji wapatao 70,000 walielezwa kuwa huenda picha za vitambulisho vyao vya serikali zimechukuliwa. Tazama ni watu gani hao. Ni wale ambao mfumo uliwahesabu kuwa watoto, wakakata rufaa, wakatuma vitambulisho kuonyesha kuwa wao ni watu wazima. Walikuwa wakitii sheria. Mtoto aliyedanganya mwaka wake wa kuzaliwa hakupoteza kitu.

Miezi michache kabla ya hapo, Julai 2025, programu ya Kimarekani iitwayo Tea ilivuja. Iliundwa ili wanawake waonyane kuhusu wanaume hatari, na kwa sababu hiyo ilimtaka kila anayejiunga atume selfi kuthibitisha kuwa ni mwanamke. Picha zipatazo 72,000 zilianguka mikononi mwa wasiohusika, na takriban 13,000 kati yake zilikuwa selfi na vitambulisho vya uhakiki. Wanawake waliotafuta usalama ndio waliosambaziwa sura zao kwa watu wanaowachukia. Siwezi kulitazama tukio hilo kama hitilafu ya fundi mmoja. Kila ghala la vitambulisho linamvuta mwizi, na sheria inayotaka mamilioni ya watu wahakikiwe bila kueleza nakala zitafutwa lini ni sheria inayojenga maghala.

Njia ya kukadiria umri kwa uso inanadiwa kuwa salama zaidi, kwa kuwa haihitaji jina. Ina kasoro inayotugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, pamoja na Timnit Gebru, aliyezaliwa Ethiopia, walichapisha utafiti kuhusu programu za kutambua jinsia kwa sura. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Teknolojia imeboreshwa tangu wakati huo, lakini majaribio ya Australia ya mwaka 2025, yaliyofanywa kwa ajili ya sheria yao mpya, bado yaliona usahihi ukishuka kwa watu wasio wazungu na kwa wasichana walio karibu na umri wa mpaka. Fikiria mama wa miaka 22, muuza vitenge mtandaoni, anayefungiwa akaunti yake ya biashara kwa sababu kamera imemwona kuwa na miaka 15. Atakata rufaa. Atatuma kitambulisho. Na tumeshaona kilichowapata waliokata rufaa.

Kitambulisho chenyewe, kwa Mtanzania, kinabeba mengi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Namba hiyohiyo, pamoja na alama za vidole, ndiyo iliyotumika kusajili upya laini zote za simu, kazi iliyoanza Mei 2019 na kufungwa Januari 20, 2020 kwa wasiosajili kuanza kuzimiwa. Inafungua akaunti ya benki, inatafutia pasipoti, inaombea mkopo. Mtu akikupa namba yake ya NIDA ili tu ujue kama ana miaka 18, amekupa tarehe yake ya kuzaliwa na ufunguo wa karibu kila kitu kilichosajiliwa kwa jina lake. Nenosiri likiibwa unaweka jingine jioni hiyohiyo. Namba ya NIDA utazikwa nayo.

Halafu kuna mambo ya huku ambayo watunga sheria wa London hawakuwa na sababu ya kuyafikiria. Laini ya mtoto wetu husajiliwa kwa jina la mzazi, kwa hiyo kampuni ya simu ikiulizwa umri wa mwenye laini itajibu miaka 43. Simu moja inapita mikononi mwa baba, dada wa kazi na watoto watatu. Uso uliohakikiwa asubuhi sio unaotazama video jioni. Mwenye kitochi hana kamera ya kupiga selfi hata kidogo. Wapo pia watu wazima wasio na kitambulisho. Nchini Kenya, kwa miongo kadhaa vijana wa Kinubi wa Kibera na Wakenya wenye asili ya Kisomali wa kaskazini mashariki walipitishwa kwenye kamati za kuwahoji kabla ya kupewa kitambulisho ambacho jirani zao walikipata bila kuulizwa. Rais William Ruto alitangaza kuliondoa zoezi hilo Februari 2025 tu. Sheria ya umri inayosimama juu ya kitambulisho ingewafungia mtandao watu ambao dola yenyewe iliwacheleweshea uraia wao.

Afrika Mashariki imewahi kuona biashara ya kuthibitisha watu inavyoonekana ikipiga kambi uwanjani. Mwishoni mwa Julai 2023 watu walijaa kwenye jengo la mikutano la KICC jijini Nairobi wakisubiri zamu ya kutazama kwenye kifaa cha mviringo kilichopiga picha mboni za macho. Kifaa kilikuwa cha Worldcoin, mradi ulioasisiwa na Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kwa lengo la kumpa kila mtu uthibitisho kuwa ni binadamu na si roboti. Aliyekubali alipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Katika mwaka ule wa unga ghali, hizo zilikuwa fedha za kupanga foleni tangu alfajiri. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti 2, Wakenya zaidi ya 350,000 wakiwa wameshajisajili.

Kesi ilifunguliwa na taasisi ya Katiba Institute pamoja na wenzake. Mei 5, 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamua kuwa taarifa zile zilikusanywa kinyume cha sheria: hakukuwa na tathmini ya athari, na ridhaa iliyonunuliwa kwa sarafu haikuwa ridhaa. Aliamuru zifutwe ndani ya siku saba, Kamishna wa Ulinzi wa Data akisimamia. Uamuzi huo unastahili kusomwa na kila mbunge wa kanda hii kabla hajainua mkono kuunga mkono mfumo wowote wa kuhakiki umri, kwa sababu umesema jambo ambalo sheria nyingi mpya zinalikwepa: kukusanya uso wa mtu ni kitendo kizito, na anayekusanya ndiye mwenye wajibu wa kueleza kwanza kwa nini.

Kuna njia bora. Kitaalamu inawezekana simu yako ikatoa jibu moja tu, kwamba umetimiza miaka 18, bila jina, bila namba, bila picha. Tovuti isijue wewe ni nani, na serikali iliyotoa kitambulisho isijue umetembelea tovuti gani. Hesabu za kufanya hivyo zipo. Julai 2025 Kamisheni ya Ulaya ilitoa mfano wa programu inayoelekea huko, na Denmark, Ufaransa, Ugiriki, Italia na Hispania zikawa za kwanza kuijaribu. Lakini watengenezaji wa programu walipousoma mpango wake, waliona kuwa kwenye simu za Android ulikusudia kutegemea ukaguzi wa Google ili kujua kama simu ni halali. Kwa maneno mengine, raia wa Ulaya angehitaji baraka ya kampuni ya California ili athibitishe umri wake mbele ya sheria ya Ulaya. Malalamiko yalikuwa makali, na yalistahili.

Utegemezi wa namna hii tunao tayari, hata pale unapotusaidia. Kwa miaka kadhaa programu za mikopo ya mtandaoni zilikuwa zikichota orodha nzima ya majina kwenye simu ya mkopaji. Akichelewa kulipa, mkwewe, mwalimu wa kwaya na bosi wake walitumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zisizo na leseni na kuzipiga marufuku. Hatua nzuri. Ila Google ilikuwa imeshazikataza programu za mikopo kuchukua majina na picha za wateja tangu Mei 31, 2023, kwa tangazo moja la sera ya duka lake. Siku Google itakapoibadili sera hiyo, hakuna Mtanzania atakayepigiwa simu kuombwa maoni.

Wenye simu za Huawei wanalijua hili. Mwaka 2019 Marekani iliiwekea kampuni hiyo vikwazo, na simu zake mpya zikatoka kiwandani bila duka la Google, bila kosa lolote la aliyezinunua Kariakoo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague ililijua mwaka 2025: baada ya Washington kumwekea vikwazo Mwendesha Mashtaka Karim Khan, iliripotiwa kuwa alipoteza matumizi ya barua pepe yake ya Microsoft. Kampuni ilisema haikuacha kuihudumia mahakama yenyewe. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha mahakama ilikuwa imeamua kuhamia programu za ofisi zilizotengenezwa Ujerumani. Ikiwa mahakama ya dunia inaweza kujikuta hapo, mfumo wa umri wa nchi yetu uliowekwa ndani ya simu zinazotawaliwa na kampuni mbili, Google na Apple, utakuwa wetu kwa jina tu.

Ndiyo maana nasema tuanze na kampuni kabla ya watoto. Nairobi ndiyo iliyokuwa moja ya vituo vya kusafisha Facebook ya Afrika. Vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama walitazama, zamu baada ya zamu, video za kuchinjwa watu na kubakwa watoto ili wengine tusizione. Daniel Motaung, mmoja wao kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi mwaka 2022. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilijibu kuwa mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilisema zinayo. Katika kesi nyingine ya wafanyakazi hao, ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha zaidi ya 140 kati yao wakiwa na msongo mkubwa wa baada ya kiwewe. Kampuni iliyokataa hata mahakama isisikilize kesi ya waliokuwa wakiwalinda watoto wetu haipaswi kuwa ndiyo ya kukabidhiwa vitambulisho vyetu kwa jina la kuwalinda watoto hao.

Sheria yetu itakapoandikwa, na itaandikwa, iamuru mambo haya kwa maneno yasiyo na utata. Kitambulisho cha taifa kisiwe njia pekee. Australia imeliweka hilo ndani ya sheria yake. Taarifa iliyotumika kuhakiki umri ifutwe mara kazi inapoisha, na anayeihifadhi atozwe faini hata kama haijaibwa. Akaunti ya kijana ifunguliwe ikiwa imeshafungwa kwa wageni, bila video zinazojicheza zenyewe usiku kucha. Kila mtandao wenye watumiaji wengi hapa utangaze hadharani una wasimamizi wangapi wa maudhui wanaosoma Kiswahili. Na VPN iachwe kuwa chombo cha halali cha kulinda mawasiliano. Agizo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, la Oktoba 2023 la kutaka watumiaji waziorodheshe VPN zao lilielekea upande usiofaa, kwa sababu mtu hawezi kulinda faragha yake kwa kuiandikisha.

Shule nazo zianze leo. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya, Immaculate Kassait, aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Walimu wakuu wengi wa Tanzania wanaweka picha za mahafali Facebook, na majina kamili ya watoto chini yake, kwa nia njema kabisa. Waulize wazazi kwanza.

Nawe msomaji, programu au ofisi ikikuomba picha ya kitambulisho, uliza nani ataihifadhi, kwa muda gani, na ikishatumika itafutwa lini. Ukinyimwa jibu, usitume. Ukiwa umeshatuma na unataka ifutwe, andika barua. Wakikupuuza, Tanzania peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Kenya peleka ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Haki hiyo ipo kwenye sheria ya Kenya tangu Novemba 2019, na ya Tanzania imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023. Itumie.